Nguchiro na Ngozi ya Mamba

Paukwa! Pakawa!

Chini ya Garsen, pale mto Tana unapokwisha kushuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya ukaanza kujigawa mikono kabla ya kuifikia bahari Kipini, palikuwa na kijiji cha wanyama kilichoitwa Bongoni. Kilikaa juu ya mwinuko, kama vijiji vya delta vilivyojengwa na wenye kumbukumbu, ili maji ya mafuriko yapite chini. Kilizungushiwa ua wa mathenge, mwiba juu ya mwiba, hata moshi wa jirani ulipenya kwa shida. Lango lilikuwa moja, na walinzi wa nje hawakuruhusiwa kulipita ovyo.

Uhai wa Bongoni ulikuwa mifereji. Katikati ya kijiji palikuwa na ziwa dogo, na kutoka hapo maji yalikimbia kila upande. Mfereji mmoja uliishia kwenye kidimbwi kilichotulia kama kioo, na kwa kidimbwi hicho kijiji kizima kiliutazama ulimwengu. Mwingine ulishuka kwenye mpunga wa kusini. Mwingine ulikwenda kwenye mlango wa kufungia maji. Maji yakifika kwa wakati, kijiji kiliona, kilitembea na kilijizuia.

Siri ya mbio za maji ilikuwa kingo. Ardhi ile ni ya mchanga, hunywa kila kinachopita juu yake. Kaa ndio waliozikandika kingo kwa udongo wa mfinyanzi, tabaka juu ya tabaka, mpaka maji yakapita kama kwamba chini hakuna mchanga. Kaa mmoja alihudumia mifereji kadhaa kwa wakati mmoja: mguu huu kwenye mfereji wa kushoto, ule kwenye wa kulia, gando likikandika nyuma yake. Hiyo ilikuwa sifa yake, na ndiyo iliyokuja kuwa msiba wa kijiji, kwa sababu Kaa mmoja akifa, mifereji mingi hupata ufa siku hiyohiyo.

Ndani ya ua waliishi pia Kobe. Wao hawakuupenya ua. Walikuwapo kabla ua haujapandwa, wakati Bongoni ilikuwa bado tope tupu. Kazi yao ilikuwa kufagia: kuokota majani yaliyooza na kula udongo uliobomoka, ili Kaa wapate mahali safi pa kukandika. Mchwa nao walikuwa mafundi wa kuziba. Palipotoboka vibaya, walijaza udongo mgumu wa kichuguu.

Nje, kwenye bonde la mafuriko, ulinzi ulikuwa wa Nguchiro. Kila mmoja wao alipitia jando. Kule alionyeshwa sura za wenyeji, moja baada ya nyingine, na kijana aliyemkenulia meno mwenyeji hakurudi nyumbani. Lakini jando lolote, hata likiwa kali namna gani, huponyokwa na wachache. Pamoja nao alikuwapo Hondohondo, mpiga mbiu, ambaye kazi yake ilikuwa kuokota alama ya adui na kuwaonyesha Nguchiro: “Huyu ndiye. Mkimwona, msiulize.”

Mwaka mmoja Tana ulifurika, ukakata barabara, ukaleta Mamba. Nguchiro hawakulala. Walimuuma, walimsukuma, walivunja mayai yake, mpaka akarudi mtoni. Kijiji kikawaimba, nao walistahili. Ila mambo mawili yalibaki. La kwanza, Hondohondo aliokota kipande cha ngozi ya Mamba, chenye magamba ya pembe nne yaliyopangana mistari, akakiweka kiwe somo kwa Nguchiro wote watakaozaliwa. La pili hakuna aliyelijua: kitoto cha mamba, chembamba kama kidole, kilikuwa kimejipenyeza kwenye shimo la mti ambalo Hondohondo huliziba kwa tope anapoatamia. Kikalala humo. Hakikufa, wala hakikuondoka.

Kikaja kiangazi. Jua la Garsen lilipiga mpaka mfinyanzi wa kingo ukapasuka juu: nyufa hivi, nyufa vile, vipande vya pembe nne vimepangana mistari. Hondohondo alitua juu ya ua, akachungulia ndani. Akautazama ukingo. Akakitazama kipande cha ngozi alichokishika kwa ukucha. Havikufanana sana, vilifanana vya kutosha. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

“Mamba yumo ndani!” alilia. “Mamba yumo ndani!”

Nguchiro walikuja mbio. Miiba ya ua, iliyosikia kelele, ikalegea, na mwanya ukapatikana. Wa kwanza kuingia aliuma ukingo kwa meno yote. Ukingo ukabomoka, maji yakachuruzika kwenye mchanga yakifoka: fsssss.

“Sikieni anavyofoka!” wenzake wakasema, na kila mmoja akauma pake.

Kaa alikimbia ubavuubavu, gando juu. “Jamani, huo ni ukingo! Nimeukandika juzi kwa gando hili!”

Nguchiro mmoja kijana alimtazama kwa huruma. “Ngozi ndiyo hii, Bwana Kaa. Tumeonyeshwa tangu utotoni. Sogea usije ukaumia.”

Kaa hakusogea, akakanyagwa. Korongo wakashuka nao, wakameza matope mpaka mifuko ya shingo ikaning'inia. Kobe waliposikia zogo walitoka walikolala, na kwa kuwa kila mtu alikuwa akitafuna, wakatafuna.

Kabla jua halijazama kidimbwi cha kioo kilikuwa kimepungua nusu. Kijiji kiliutazama ulimwengu kikaona moshi.

Aliyewasimamisha ni Bi Nguchiro mkongwe, ambaye tangu zamani kazi yake ilikuwa kutuliza vijana. Alipita katikati yao akiuliza swali moja tu: “Wanangu, mmeona damu?”

“Hatujaona, bibi.”

“Mamba asiyekuwa na damu ni mamba gani?”

Wakainamisha vichwa, wakatoka mmojammoja. Kaa vijana wakashuka matopeni, wakakandika upya. Ukingo mpya ulikuwa mwembamba kuliko wa kwanza, lakini maji yalirudi na kidimbwi kikajaa. Wazee wakasema limekwisha. Hakuna aliyetembelea mifereji mingine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kiangazi cha pili mbiu ililia tena, mara hii upande wa mpunga wa kusini. Cha tatu, kwenye mlango wa maji, ukawa haufungiki wala haufunguki kwa wakati. Sauti ya Bi Nguchiro ilikuwa imezidi kuchoka. Kaa walikuwa wachache. Mchwa walijaza mashimo kwa udongo mgumu, na Bongoni pakaota kichuguu hapa na kichuguu pale, mahali palipokuwa pakipita maji. Asubuhi maji yalifika kusini kwa shida, mchana, joto likipanda, hayakufika kabisa, jioni yakarudi. Wenye kijiji, waliouona mpunga ukisinyaa saa sita na kusimama saa kumi na mbili, walisema mpunga ule ni mvivu, unajifanya. Wengine walisema umerogwa.

Aliyeona ukweli hakuwa wa kijiji. Mbega Mwekundu, ambaye ukoo wake hauishi popote duniani isipokuwa misitu ya mto Tana, alikuwa juu ya mkuyu mrefu. Kutoka pale alitazama chini akaona asichoweza kukiona aliye matopeni: madoa meupe yanayometameta, ambayo ni maji yaliyovuja, mengi yakiwa yamelizunguka ziwa la katikati. Akayahesabu. Mengine yalikuwa mapya, mengine ya zamani ambayo kijiji hakikuwahi kuyahisi.

Akashuka, akawaambia. Basi baraza likawaka moto.

“Kikulacho ki nguoni mwako!” alipiga kelele Panya, ambaye alikaa chini ya ghala na hakuwa na mapenzi na Nguchiro. “Wafukuzwe wote!”

“Mkiwafukuza,” Mbega alisema, “mafuriko yajayo nani atampokea Mamba? Hawa si wasaliti. Hawa ni walinzi waliofundishwa uso mmoja mpaka wakauona kila mahali.”

Wakajaribu njia ya kwanza: kulifunga lango kabisa, Nguchiro asiingie hata mmoja. Mifereji ikapumzika. Lakini baada ya muda Panya, aliyetulia miaka mingi akiogopa doria, alichangamka akazaa, na wanawe wakaanza kuitafuna nguzo ya ghala. Ikabidi lango lilindwe kwa macho mawili: moja la nje, moja la ndani.

Wakajaribu ya pili: kumwondoa Hondohondo juu ya ua. Asiyepigiwa mbiu hajui pa kwenda. Nguchiro waliendelea na doria yao bondeni, na Bongoni hapakuonekana doa jipya msimu mzima. Kijiji kikapika wali wa mpunga uliobaki, kikala, kikacheza.

Hapa niisimamishe hadithi kidogo, niufungue ua tuingie wote.

Bongoni ni ubongo, pamoja na uti wa mgongo. Mifereji ni nyuzi za neva, na kingo za mfinyanzi ni mayelini, ala ya mafuta inayozifunika nyuzi hizo ili ujumbe upite kwa kasi. Kaa ni seli ziitwazo oligodendrosaiti, na ni kweli kwamba moja huvika ala nyuzi nyingi kwa pamoja. Ua wa mathenge ni kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Nguchiro ni seli T, zinazofunzwa katika tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari. Ndani ya vidonda vya ugonjwa ninaousimulia hapa, nyingi ni zile za aina ya CD8. Hondohondo ni seli B, ambazo kazi yao si kutoa kingamwili tu, bali pia kuzionyesha seli T alama za adui. Bi Nguchiro ni seli T za udhibiti, zinazozituliza nyingine. Ugonjwa wenyewe wataalamu huuita maltipo sklerosisi, yaani makovu magumu mengi. Vichuguu vile ndivyo makovu hayo, na Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliyaeleza mwaka 1868 na kuyaunganisha na dalili za wagonjwa wake. Leo mkuyu wa Mbega ni mashine ya MRI, inayotuonyesha madoa meupe mtu akiwa bado hai.

Na Mamba? Habari zake zinapita kwetu Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya uliowaua watoto. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli hizo: kirusi cha Epstein-Barr. Makao yake ya kudumu ni seli B, kama kitoto cha mamba kwenye shimo la Hondohondo. Januari 2022 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za zaidi ya wanajeshi milioni 10 wa Marekani: hatari ya kupata maltipo sklerosisi iliongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi hicho. Mwezi huohuo watafiti wa Stanford walionyesha kingamwili inayokamata kipande cha kirusi na kukamata pia protini moja ya seli za ubongo. Hiyo ndiyo ngozi ya mamba inayofanana na ukingo uliopasuka.

Lakini zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi wamebeba kirusi hicho na hawaugui. Kukutana na Mamba peke yake hakutoshi. Urithi, mwanga wa jua na vitamini D, na umri wa kukutana naye, vyote vinahesabiwa. Watoto wa huku hukutana naye mapema na kwa kawaida bila kishindo. Anayekutana naye ujanani akalazwa na homa yake hubaki na hatari kubwa zaidi. Karibu na ikweta ugonjwa huu ni nadra kuliko Ulaya ya kaskazini. Nadra si sawa na haupo. Watu milioni 2.9 duniani wanaishi nao, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na wako wanaouugua huku kwetu bila jina lake kutajwa.

Mfikirie binti anayeuza maembe stendi ya Minjila. Siku moja jicho moja linamuuma akiligeuza, na dunia inakuwa moshi. Wiki chache linapona, naye anashukuru. Mwaka unapita, miguu inakuwa mizito, sarafu zinamponyoka vidoleni, haja ndogo inamwahi kabla hajafika chooni. Adhuhuri, joto likipanda, hali inazidi, jioni anatembea. Anayemwona jioni anasema mchana alikuwa akijifanya. Anapelekwa kwa mganga, anapungiwa. Madaktari bingwa wa neva nchini Kenya ni wachache na wengi wako mijini, kwa hiyo mpaka mtu apande mkuyu kumtazama, vichuguu vimeshaota. Jicho lile la kwanza ndilo lililokuwa ufa. Atakayesoma hapa akamkumbuka mtu, na ampeleke hospitali, aseme habari ya jicho, miguu na joto kwa pamoja, si moja moja.

Dawa zipo. Ya kulifunga lango ni natalizumab, na panya wa chini ya ghala ni kirusi cha JC, kinachoweza kuamka ndani ya ubongo na kuleta ugonjwa mbaya; ndiyo maana mgonjwa hupimwa kwanza na kufuatiliwa. Za kumwondoa Hondohondo ni rituximab na ocrelizumab; hii ya pili, mwaka 2017, ilikuwa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa wale ambao ugonjwa wao huzidi polepole tangu mwanzo. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza rituximab, kladribini na glatirama kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kuandikwa kwenye orodha ni hatua. Kufika Garsen ni hatua nyingine, na hiyo ni lazima tuidai.

Sasa turudi Bongoni, maana nilikiacha kijiji kikicheza.

Usiku ule wa wali Mbega hakucheza. Alipanda mkuyu kuhesabu madoa. Hakukuwa na jipya. Ila yale ya zamani, akiyalinganisha na alama alizochora kwenye gome la mti, yalikuwa yamepanuka pembeni, upana wa kidole. Akashuka gizani, akatega sikio. Kra. Kimya. Kra.

Pembeni mwa doa kubwa la kusini Kobe walikuwa wamekaa duara, vichwa vikielekea kwenye ukingo, magamba yao mekundu kwa kutu ya udongo. Walikuwa wakitafuna. Hawakuwa na hasira wala haraka.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Nguchiro hawajaingia humu msimu mzima. Hondohondo hayupo. Mbona bado mnatafuna?”

Babu Kobe alimeza, akafikiri muda mrefu, kama wafikirivyo Kobe.

“Tulipigiwa mbiu ya vita,” alisema. “Ya amani hatujapigiwa.”

Hao Kobe ni maikroglia, seli za ulinzi zinazoingia kwenye ubongo mtoto angali mimba changa, kabla ua haujapandwa, na kukaa humo maisha yote. Kwenye vidonda vya zamani hujipanga ukingoni zikiwa zimejaa chuma, na kidonda hutanuka polepole miaka na miaka, hata kama kwenye damu kumetulia. Ndiyo sababu mtu anaweza kukaa bila shambulio jipya na bado mguu ukazidi kuwa mzito. Huwezi kuzifukuza, kwa sababu zinazotafuna ndizo zinazofagia, na pasipofagiwa Kaa hawezi kukandika. Watafiti sasa wanatafuta namna ya kuzifikia ndani ya ua na kuziambia vita vimekwisha.

Sisi wa Tana tunajua neno hilo lilivyo zito. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 majirani waliogawana mto mmoja, wakulima na wafugaji, walitazamana wakaona mamba, na zaidi ya watu 100 wakauawa. Bunduki ziliponyamaza, kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza: kukaa chini ya mti, kuzipanga upya njia za mifugo kwenda mtoni, kumrudishia jirani sura yake. Kumjua adui ni nusu ya ulinzi. Nusu ya pili ni kumjua mwenyeji, na nusu hiyo haifundishwi mara moja jandoni ikaisha.

Mbega alikaa chini karibu na Babu Kobe. Hakuwa na mbiu ya amani. Hakuna aliyekuwa ameitengeneza bado. Akachukua mguu wa mzee, taratibu, akauweka juu ya ukingo uliopasuka.

“Gusa hapa, babu,” alisema.

Kobe akagusa. Udongo ulimeguka chini ya ukucha, na ndani, chini ya nyufa, ulikuwa bado na unyevu na alama za gando.

“Kaa,” alisema Kobe.

“Kaa,” alisema Mbega.

Mzee akakiacha kinywa wazi kidogo, bila kutafuna. Pembeni yake mwenzake aliendelea: kra. Mbega akasogea kwake, akauomba mguu.